Disketi Namba Tatu Ililala Wapi

Siku hizi mkiniletea simu iliyozima, kabla hamjaketi vizuri mnaanza kunieleza ugonjwa wake. Ni betri, ni programu, ni virusi, ni wale walioiunda. Mimi nawasikiliza tu. Mnajua maneno mengi kuliko mimi, na simu bado imezima. Halafu nawauliza swali moja linalowafanya mtazamane: "Jana ililala wapi?"

Najua mnachosema mkifika barabarani. Mnasema kugo, huyu babu wa Litein, ameanza kuchanganyikiwa, anauliza simu ililala wapi kama anaulizia mtoto mtoro. Basi leo ketini, chai ipo kwa thermos, niwaambie swali hilo lilitoka wapi, na siku niliyolisahau mimi mwenyewe nusura nimpoteze rafiki.

Kwanza mnijue vizuri. Nilimaliza kidato cha nne na alama ambazo hazingenipeleka popote, na kwa vile sikuwa na hamu ya kwenda popote, tulielewana, mimi na alama zangu. Watu wengine walizaliwa na miguu, mimi nilizaliwa na kiti. Kazi yangu yote nimeifanya kwenye kibaraza hiki. Mteja aliponiambia njoo Sotik uangalie mashine, nilimjibu mashine ina mpini, ibebe. Safari yangu ndefu ya ujana ilikuwa Kaplong, nilikoenda kujifunza ufundi wa taipureta, na hata huko nilirudi nyumbani kila Ijumaa. Nilisema narudi kusaidia kukamua. Nilikuwa narudi kuyanywa hayo maziwa.

Aliyenifundisha Kaplong alikuwa Mzee Kiprono, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu ambayo sikuwahi kuona ikivuliwa. Wiki yangu ya kwanza, karani wa kanisa alileta taipureta ambayo vitufe vyake vilikuwa vinagandamana. Mzee alikuwa ametoka kidogo. Nikajiambia leo nitamwonyesha. Nikaifungua yote, nikatandaza vipande juu ya gazeti, nikasafisha, nikatia mafuta hadi ikawa inateleza kama samaki, nikairudisha. Vitufe vikagandamana vilevile. Tena skrubu moja ikabaki mezani, haina kwao.

Mzee akarudi, hata kiti hakuvuta. Akamuuliza karani, "Jana ililala wapi?"

"Kwa store ya nyuma."

"Na nani?"

Karani akafikiria. "Na kuku."

Mzee akachukua kibano, akainama, akavuta unyoya mmoja mweupe kutoka ndani. Kazi ikaisha. Akaniambia, "Bisibisi ni ya pili. Ya kwanza ni mdomo." Ile skrubu ninayo hadi leo. Taipureta ile ilipiga chapa miaka mingi bila hiyo, nikajua hata ndani ya mashine kuna wale wanaokuja kazini kunywa chai tu.

Taipureta zilinilisha mpaka miaka ya tisini. Halafu kompyuta zikaanza kuingia kwenye ofisi, mojamoja, na mimi nikaziona zikija kama ng'ombe anavyoiona mvua ya mawe. Anajua itamuumiza ila hana pa kwenda, basi anageuza mgongo. Niliendelea kugeuza mgongo mpaka Owino aliponiletea moja ndani ya gunia la majani chai.

Owino alikuwa fundi wa umeme kwenye kiwanda cha chai, ng'ambo ya bonde. Kwao ni upande wa ziwa, lakini alikuwa ameishi kwenye nyumba za kampuni tangu ndevu zake hazijaota, na bintiye Akinyi alizaliwa humo humo. Tulijuana aliponiwekea stima hapa nyumbani, na toka hapo kila Jumapili baada ya kanisa alipanda kilima kuja kunywa mursik, maziwa ya kibuyu ya mke wangu Rael. Mwaka wa kwanza aliiogopa. Alisema maziwa yenye majivu ni ya kutupwa. Mwaka wa pili alileta kikombe chake mwenyewe, kikakaa kwenye msumari jikoni.

Jumapili hiyo alifungua gunia akatoa laptop nzito, nene kama Biblia ya mimbari.

"Fundi, nimekuletea mgonjwa."

"Ni redio ya aina gani?"

"Wacha mchezo. Ni kompyuta ya kukunja. Yule injinia aliyefunga mashine mpya za kukausha majani, akienda kwao aliniachia. Lakini alifuta kila kitu ndani. Iko tupu kama kanisa siku ya Jumatatu."

Pamoja nayo kulikuwa na boksi la disketi. Kwa nyinyi mliozaliwa jana: disketi ni kijibamba cha plastiki, upana wa kiganja, chenye kimlango cha chuma, na ndani yake sahani nyembamba inayobeba maandishi ya kompyuta. Hizi zilikuwa na namba zilizoandikwa kwa kalamu, moja hadi kumi na kitu, na karatasi ikisema mfumo uliomo unaitwa Linux, ni wa bure, unaziweza hata mashine nzee. Nilipenda hilo neno nzee. Nikaona huyu ni wa rika langu.

"Sasa haraka ya nini?" nikamuuliza, kwa sababu hakuwa anacheka.

Akaangalia bonde. "Wamebandika tangazo. Kiwanda kinaleta kompyuta za kuongoza mashine. Mafundi wa umeme tutapewa mtihani mwisho wa mwezi. Anayeweza, anabaki. Asiyeweza anapewa barua. Na barua ikija, nyumba inaenda nayo. Akinyi anafanya mtihani wa darasa la nane mwaka huu, nitamhamisha nimpeleke wapi?"

Hakusema atarudi kwao. Hakuhitaji. Nikaona kikombe chake kikining'inia kwenye msumari jikoni bila mwenyewe.

"Iache," nikamwambia. "Ukirudi Jumapili utaipata inaongea."

Vijana, hapo ndipo palipo na kosa langu, na sikulijua. Ilikuwa masika, na mnajua mvua ya huku. Viatu vikikaa chini ya kitanda siku tatu vinaota ukungu kama vina ndevu. Kila kitu cha maana hapa kinawekwa darini juu ya meko, pakavu: mbegu za mahindi, vibuyu vya maziwa, yaani sotet, vyeti vya ubatizo. Hata cheti changu cha kidato cha nne kiko huko, ingawa hicho hata kikioza ukoo hautalia. Basi niliposoma kwenye karatasi ya injinia kwamba disketi zikae mahali pakavu, nikajiona nina akili. Nikapanda ngazi nikazipanga huko juu, zikae hapo usiku wote wa mvua, kavu kabisa, zikipata joto.

Keshoye nikaanza. Disketi ya kwanza ikaingia, laptop ikanguruma, maandishi meupe yakakimbia kwenye skrini nyeusi. Ya pili vilevile. Nikamwita Rael aje aone mumewe. Ya tatu ikaingia, ikakwaruza kama paka kwenye bati, halafu mstari mmoja ukasema haisomeki.

Nikaitoa, nikaipuliza, nikairudisha. Haisomeki. Nikaanza upya toka moja. Mara hii hata ya pili ikakataa. Siku ya tatu hata ya kwanza. Nililaumu stima, nikahamisha waya hadi soketi ya sebuleni. Nililaumu baridi, nikaivika laptop sweta. Nililaumu injinia, ambaye hakuweza kujitetea. Ijumaa nikalaumu mashine yenyewe, na Jumapili Owino alipokuja nikamwambia kwa sauti ya daktari, "Ndugu yangu, hii imekufa."

Hakunilaumu. Alikunywa nusu kikombe, akasema, "Ni sawa, fundi. Umejaribu," akashuka kilima mapema. Nusu nyingine ikapoa mezani.

Rael alikuja kuondoa vikombe. Akaichukua disketi namba tatu mezani ili apanguse, akasimama. Akaipeleka puani.

"Baba Chelangat, hii kitu inanuka moshi."

"Inanukaje moshi? Hiyo ni mashine."

"Mimi nimesafisha sotet tangu nikiwa msichana. Natambua moshi ya meko yangu. Hii ililala wapi?"

Nyamazeni kidogo hapo. Miaka yote hiyo nikiwauliza wateja, na swali la Mzee Kiprono likatoka kwa mke wangu, likielekezwa kwangu.

"Juu," nikasema.

"Juu wapi?"

"Huko juu."

Hakucheka mbele yangu. Alienda jikoni, na kutoka huko nikasikia vikombe vikigongana bila sababu.

Tulifungua kile kimlango cha chuma. Ile sahani ya ndani, ambayo inafaa ing'ae, ilikuwa na utando wa masizi wa rangi ya chai ya rangi. Kila nilipoingiza disketi chafu, nilikuwa nayapaka masizi hayo kwenye kichwa kinachosoma, halafu kichwa kichafu kinaharibu disketi nyingine. Laptop haikuwa na ugonjwa wowote. Mimi ndiye niliyekuwa naiambukiza kila asubuhi kwa mkono wangu.

Nilitaka kuingiza bisibisi yenye pamba kwenye tundu la disketi. Rael akanipiga mkono. Akaleta sosiot, kile kijiti chenye nyuzi ngumu tunachosugulia ndani ya sotet, akachomoa uzi mmoja, akauzungushia pamba kidogo, nikaichovya kwenye spiriti ya vidonda. Uzi wa sosiot unapinda bila kuvunjika na haukwaruzi. Pamba ya kwanza ilitoka nyeusi, ya nne ikatoka nyeupe. Andikeni hiyo: usiache kusafisha kwa sababu umechoka, acha pamba ikitoka nyeupe.

Jumapili iliyofuata sikungoja Owino apande. Nilishuka mwenyewe hadi nyumba za kampuni, na majirani zake walitoka nje kuona kama kuna msiba. Nikamwambia laptop ni nzima, nimesimama mlangoni.

Alihesabu siku kwa vidole. Mtihani ulikuwa umebaki majuma mawili.

"Kwa hivyo haijakufa."

"Haijakufa."

"Na disketi zangu?"

"Nilizianika juu ya meko."

Akanitazama toka kofia hadi viatu. "Omera. Umezikausha kama omena wa ziwani." Na hapo akacheka mpaka akashika ukuta, nami nikapumua.

Lakini kucheka hakusomi disketi. Zilizooza zilikuwa nyingi, namba tatu ndiyo mbaya zaidi. Nilikuwa nimesikia kuna chuo upande wa Kabianga chenye chumba cha kompyuta. Owino hakuweza kuomba ruhusa kazini wakati huo. Basi Jumatatu, mimi mtu wa kiti, nikavaa koti la harusi nikaenda Kabianga. Rael alinifungia viazi kana kwamba navuka mpaka.

Mtunza chumba kile alikuwa mama kijana aitwaye Cherono. Alifungua boksi, akarudi nyuma kidogo.

"Mzee, hizi zilikuwa kwa moto?"

"Juu ya moto."

"Nani aliziweka?"

"Mtu fulani."

"Na huyo mtu yuko aje sasa?"

"Anaona aibu. Amekuja Kabianga kwa miguu yake."

Alinihurumia. Mfumo uleule ulikuwemo kwenye kompyuta yake moja, akaninakilia zote kwenye disketi mpya. Aliniandikia na karatasi, akaniambia, "Ikikwama ukiiwasha, usipige meza. Hesabu herufi." Nilirudi nimekumbatia boksi kifuani, na usiku huo likalala chini ya mto wangu. Rael alisema sijawahi kumkumbatia hivyo yeye.

Owino alikuja, tukaweka disketi moja baada ya nyingine, yeye akiingiza, mimi nikisoma namba kwa sauti. Nilikuwa nasema "tisketi", mnajua ulimi wetu, naye akasema, "Kusoma hujui, kukausha unajua, kutamka hujui. Sijui nilikupendea nini." Zote zikasomeka. Mashine ikatuomba tuizime na kuiwasha. Tukaiwasha. Kwenye kona ya juu zikatokea herufi mbili, L na I, na ikanyamaza hapo.

Owino akaweka mikono kichwani. Mimi nikatoa karatasi ya Cherono. Aliandika kwamba kianzishi cha Linux kinajitaja kikiamka, L, I, L, O, herufi moja kwa kila hatua. Zikitoka zote nne, kimepita. Zikitoka mbili, kimeamka lakini hakioni mahali kilipoweka sehemu yake ya pili, kwa sababu laptop nzee inahesabu vyumba vya diski yake kwa njia yake. Dawa: iwashe kwa disketi ya kuanzia, ufungue faili fulani, uongeze neno moja, *linear*, halafu uamuru kianzishi kijiandike upya.

Kwa hiyo tulikuwa tumefika nusu ya njia na sisi tulidhani tumefika kaburini. Owino aliandika lile neno kwa kidole kimoja, akipumua kwa mdomo. Tukazima, tukawasha. L. I. L. O. Maandishi yakamwagika kama majani yakimwagwa kwenye lori, halafu yakatulia. Chini kabisa neno moja: *login*, na nukta mbili, na kijistari kikikonyeza.

Tukangoja. Tuliona bado inajipanga. Rael akaleta chai, tukanywa. Tukaongea habari za mbolea. Kijistari kikaendelea kukonyeza. Karibu saa nzima, sisi wawili, fundi wa umeme na fundi wa taipureta, tumeikalia macho kama kuku anayeatamia jiwe.

Rael akapita na ndoo. "Mbona hamuijibu?"

"Haijauliza kitu."

"Hiyo nukta mbili si ni kama fomu ya hospitali? Jina, halafu nukta mbili, halafu unajaza. Inawauliza nyinyi ni nani."

Tukaandika lile jina tulilopewa kwenye karatasi, na neno la siri, na mlango ukafunguka. Owino akaacha kibodi. Alimwangalia shemeji yake akienda na ndoo yake.

Majuma hayo mawili alifika hapa kila jioni akitoka kazini. Alijifunza kufungua faili, kuihamisha, kuifuta, kuwasha na kuzima kwa heshima. Siku ya mtihani ilipofika alivaa tai. Mimi nilibaki kibarazani, nikafungua redio ambayo haikuwa na ugonjwa wowote na kuifunga tena.

Jioni alipanda kilima polepole. Nikajaribu kusoma mabega yake, sikuweza.

"Waliniwekea kompyuta nyingine kabisa," akasema. "Ya picha na kipanya. Nilitafuta ule weusi wetu wenye maandishi meupe, haupo."

Nikakaa chini.

"Lakini ngoja. Afisa aliyetoka makao makuu alikuwa na mtihani wake kwa disketi. Akaingiza. Inakwaruza. Akabadilisha, inakwaruza. Akaanza kulaumu stima, na stima ni mimi. Nikainua mkono. Nikamuuliza, samahani bwana, hii mashine jana ililala wapi? Wenzangu wakacheka. Akasema, kwa chumba cha kuchambulia majani, ndicho chenye kufuli."

Kama hamjaingia chumba hicho, vumbi la chai linaelea humo kama unga kwenye kinu. Mtu akitoka anapiga chafya hadi nyumbani.

"Nikaomba spiriti na pamba. Wakaniuliza utasafisha na nini." Akatoa mfukoni uzi wa sosiot, ule wa Rael, ukiwa umevimba pamba. "Pamba ya sita ndiyo ilitoka nyeupe. Mashine ikasoma. Mtihani wenyewe, fundi, wacha nisikudanganye. Kipanya kilinikimbia mezani kote. Kati yetu wote mimi nilikuwa mkia."

"Na barua?"

Akaingia jikoni. Nikamfuata. Rael alikuwa ameinamia sotet. Owino akaweka ufunguo kwenye kigoda mbele yake.

"Shemeji, hii ni ya chumba cha kompyuta. Afisa amesema wale wengine watafundishwa kupiga-piga vitufe, lakini chumba akae nacho yule wa kijiti. Kazi ni yako. Mimi nitakuwa naenda tu kwa niaba yako."

Rael akauangalia ufunguo, akarudi kwenye sotet yake. "Basi nenda kazini mapema," akasema. "Na kikombe chako kiko kwa msumari."

Owino alikaa na ufunguo ule mpaka alipostaafu kwa hiari yake, nywele nyeupe, Akinyi akiwa muuguzi. Sasa yuko kwao karibu na ziwa. Hutuma omena, mimi humtumia majani, na hunipigia simu Jumapili baada ya kanisa. Hanisalimii kwanza. Ananiuliza, "Fundi, namba tatu yangu inalala wapi?"

Namwambia palepale. Darini, juu ya meko, kati ya mbegu na cheti changu. Rael hataki iguswe. Mvua inyeshe namna gani, haitaoza.